Mada: Nimwelezeje yule wa kaunta ya kaunsili? (haraka tafadhali)

Mama Tariq:
Assalaam alaykum na habari zenu wote. Jamani nina shida na ofisi ya nyumba ya kaunsili yetu huku Uingereza. Nilipeleka payslip, bank statement na mkataba wa nyumba kwa mkono wangu mwenyewe, yule wa kaunta akazipokea akasema ziko sawa ataziskani, risiti hakunipa. Sasa imekuja barua eti sikuleta vielelezo, fomu imefungwa, nina siku 21 za kuomba review, yaani uamuzi wao uangaliwe upya. Nikapiga simu, meneja akaniuliza nilimkabidhi nani, jina silijui, nikamwambia "the fat black man of glasses". Kimya. Halafu sauti ikabadilika, akaniambia wao hawawaongelei wafanyakazi wao namna hiyo, niandike barua pepe na nitumie lugha ya heshima. Sasa jamani mimi mwenyewe ni mweusi na kitambi ninacho, nimemtukana nani? Maswali mawili: nimwelezeje huyu mtu kwa Kiingereza kinachokubalika, na hizo siku 21 zinaanza tarehe iliyoandikwa kwenye barua au siku iliponifikia? Maana barua ilichelewa posta.

Baba Naima, Coventry:
Wa alaykum salaam dada yangu, pole sana. Kilichokuponza hapo ni "fat", hiyo huku humwambii mtu hata kama mnatazamana naye kwenye kioo. Na hiyo "of" nayo. Kitu kilichopo mwilini wanatumia "with": with glasses, with a beard, with short hair. Nguo ni "in": the man in the grey jumper. Umri pia ni "in": in his thirties. Hiyo "of" wameibakisha kwa mambo ya kitabuni kama a man of means, kwetu mtu wa miwani inapita, kwao haipiti. Na hizo with zenyewe ziangalie, kazini kwetu kwenye care home binti mgeni aliandika kwenye daily notes "visited by daughter with child", yeye ana maana binti wa mgonjwa kaja na mtoto wake, kumbe "with child" kwao ni mjamzito, nesi wa zamu ya usiku akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Tukacheka lakini yeye alikaribia kulia, ndiyo kwanza DBS yake, ile cheti ya rekodi ya uhalifu, imetoka na anaogopa kila kitu.

Kamau, Reading:
Mzee Baba Naima wacha nikusahihishe kidogo, si ati with ni ya mwili na in ni ya nguo basi imeisha. Bag ni with na haiko mwilini, umbrella ni with. Mtu "with a hat" anaweza kuwa ameishika tu. Mimi niko na SIA badge, ile leseni ya security, miaka mingi, siku moja kwa mlango wa duka nikasema kwa redio "male with a red jacket", wenzangu wakaanza kutafuta mtu amebeba jacket kwa mkono, na yule jamaa ameivaa amefunga zipu mpaka shingo, akapita mbele yao na perfume zetu. Kwa training tunafunzwa A mpaka H: Age, Build, Clothing, hivyo hivyo mpaka Hair, ukifuata hiyo hukosi. Build, yaani umbo la mwili, sema "of medium build" ama "heavily built", na hiyo "of" unaiona iko hapo, si ya kitabuni. Ngozi hata polisi wanasema, kwa redio mtu mweusi wanamwita IC3, lakini wewe usiandike IC3 kwa barua ya kaunsili watashangaa.

Baba Naima, Coventry:
Kamau mimi nimemjibu dada kwa haraka atoke kwenye shida, sijaja kufundisha sarufi. Mfano wako wa jacket ndiyo hicho hicho nilichosema, nguo ni IN.

Bi Rukia, Cardiff:
Hebu msigombane. Mama Tariq mwanangu, kuhusu rangi kuna mtego mwengine mkubwa. Mimi nilisoma Kiingereza Unguja zamani, tulikifundishwa cha vitabu vilivyoachwa na wakoloni, nikafika huku nikamwita mgonjwa mmoja "the coloured lady by the window". Nikaitwa ofisini wallahi. Kumbe "coloured" ni tusi huku, lakini "a lady of colour" ni heshima. Herufi zile zile! Kikitangulia mbele ya mtu kinamuuma, kikija nyuma na "of" kinamtukuza. Na kazini hatusemi tena "a diabetic", tunasema "a person with diabetes", hatusemi "demented" tunasema "living with dementia". Kwanza mtu, halafu hayo mengine yanamfuata nyuma. Isipokuwa viziwi wengi, wao hutaka waitwe Deaf moja kwa moja kwa herufi kubwa, na "wheelchair user" nayo ni sawa, kwa hiyo na hapo usijitie kujua ukakoma. Kwetu Darajani mtu akikuelekeza atakwambia muulize Ali Chongo, na Ali Chongo mwenyewe anaitika, anakupimia tui la nazi vizuri na anakuuliza mama hajambo.

Dullah, Manchester:
Bi Rukia umenikumbusha mbali. Kariakoo niliwahi kuambiwa mzigo wako anao yule mwenye jezi ya Yanga, siku ya dabi! Nikazunguka kama mwendawazimu. Ila dada Mama Tariq mbona mnamzungusha na with na in, hawa watu wa ofisi wanatambuana kwa kazi na mahali: "the colleague on the front desk on Tuesday morning". On reception, on the till, from Housing, in Accounts, imeisha hiyo. Hutaji mwili, hutaji rangi. Ratiba ya zamu wanayo, wataangalia nani alikaa pale.

Kamau, Reading:
Dullah ratiba si ushahidi, kaunta iko na watu watatu wanne. Dada itisha CCTV, tuma SAR, yaani ombi la kupewa taarifa zako wanazoshikilia, ni bure, utajiona mwenyewe ukimpatia karatasi.

Dullah, Manchester:
SAR sheria inawapa mwezi mmoja kujibu bro. Dada ana siku 21. Piga hesabu.

Kamau, Reading:
Mwezi ni mwisho, wanaweza jibu mapema. Na CCTV huwa inafutwa ikikaa, ndiyo maana nasema aandike leo awaambie waihifadhi. Msome kabla mjibu. Anyway ukiwa na pasi ya Uingereza hawakuchezei hivi.

Bi Rukia, Cardiff:
Maneno ya Mkenya hayo. Nyinyi katiba yenu ya 2010 imekuruhusuni uraia pacha, mnatembea na pasi mbili mfukoni. Sisi ukichukua ya huku ya kwenu inakwenda na maji. Mimi nina ILR, kibali cha kukaa huku bila kikomo, mpaka leo na nishazeeka nayo, hata BRP, zile kadi za ukaazi, zilipokwisha mwisho wa 2024 nikahangaika na eVisa ya mtandaoni, mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti ya UKVI, idara yao ya visa, siiachi Tanzania kwa ajili ya foleni ya uwanja wa ndege.

Baba Naima, Coventry:
Bi Rukia si kuna hadhi maalumu sasa hivi, kwa Watanzania waliochukua uraia wa nje.

Dullah, Manchester:
Hadhi maalumu si uraia mzee. Kura hupigi.

Baba Naima, Coventry:
Nani alisema kura? Mimi nataka kiwanja changu Kibaha kisiwe na maneno.

Msimamizi:
Ndugu zangu uraia pacha una mada yake, ina kurasa na kurasa, nendeni huko.

Kamau, Reading:
Hiyo mada imefungwa tangu mlipotukanana. Na Bi Rukia, pasi mbili tulizipigia kura, hatukuzipewa.

Bi Rukia, Cardiff:
Basi na mimi ningelipiga kura ningelipata. Dullah, uko? Huko Manchester lile duka la Msomali bado linauza mbaazi za kugandishwa? Huku Cardiff nimezikosa tangu mfungo.