Mjadala: Mambo ya gesi yaamuliwe kwa modeli za hisabati?

Chokonoa: Machi 2022 Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alisema kwenye televisheni kuwa ni kutowajibika kukokotoa modeli za hisabati ambazo mwishowe hazifanyi kazi. Aliwalenga wachumi, akina Rüdiger Bachmann na Benjamin Moll, waliosema kukosa nishati ya Urusi kungepunguza pato la taifa kwa asilimia 0.5 hadi 3. Mwisho wa Agosti Nord Stream 1, bomba la gesi kutoka Urusi, ikakauka, na uchumi haukuporomoka kama Scholz alivyohofia. Scholz alikosea. Mnasemaje?

Mshika Vali: Hao wachumi hawajawahi hata kusikia kompresa, mashine ya kusukuma gesi bombani, ikinguruma. Gesi haifuati bei, inafuata presha.

Bi Hesabu: Ndugu Mshika Vali, hilo limeniuma. Miaka sita nimekesha kwenye chumba cha udhibiti, na kazi yangu ndiyo hesabu hizo unazozidharau. Kwa mlinganyo wa Weymouth, kipeo cha pili cha mtiririko huenda sambamba na tofauti ya vipeo vya pili vya presha, ya mwanzo wa bomba na ya mwisho wake. Ukitaka gesi mara mbili, tofauti hiyo iwe mara nne. Hilo hulisikii kwa sikio.

Mzee Tulia: Mbona mnairuka hoja? Wachumi walihesabu kukatwa ghafla, mwezi Machi. Ujerumani ikapata miezi ya kujaza maghala, gesi ya kimiminika ikaja kwa meli, na baridi haikuwa kali. Hapo modeli imethibitishwa na nini?

Mshika Vali: Dada, sikukutaja wewe, nilitaja wachumi. Lakini hesabu zenu zilikuwa wapi Texas, Marekani, kwenye baridi kali ya Februari 2021? Walikata umeme kuokoa gridi, wakazima na kompresa zinazopeleka gesi kwenye mitambo ileile ya umeme! Watu zaidi ya 200 walikufa.

Bi Hesabu: Texas walikosa modeli, haikuwa modeli iliyokosea. Gesi ilitazamwa kivyake na umeme kivyake. Vituo vingi vya gesi havikuwa hata kwenye orodha ya wasiokatiwa umeme. Fundi yeyote wa kituo alijua kompresa yake inakula umeme. Asiyejua ni aliyeshika swichi.

Nungunungu: Kumbe fundi alijua! Umemkabidhi mwenzio ushindi.

Bi Hesabu: Alijua ya kituo chake. Nani anaviona vituo mia kwa mpigo bila hesabu? Na usinitafutie ugomvi nisiouanza.

Chokonoa: Jamani, na Scholz?

Mshika Vali: Scholz asubiri. Dada, hizo modeli za soko nilizowahi kuonyeshwa zinachukulia kwamba kinachoingia saa hii ndicho kinachotoka saa hii. Si kweli. Usiku tunapandisha presha, bomba lenyewe linakuwa ghala. Asubuhi watu wakiwasha majiko tunakula akiba ile. Imeandikwa wapi kwenye milinganyo yenu?

Bi Hesabu: Hapo umesema kweli, kaka. Modeli nyingi za soko huiacha akiba hiyo, kwa sababu ukiiingiza lazima ufuate presha saa kwa saa, bomba kwa bomba, na hesabu inakuwa nzito mno. Mimi mwenyewe hugombana na wachumi hapohapo. Ninyi huanza kupandisha presha saa ngapi, na mnaishia kiwango gani?