Arobaini ya Babu, Mlalo: Safari Jumamosi

Alhamisi

Shangazi Zaina, 18:52
Assalaam alaykum wote. Kesho kutwa saa 11 alfajiri tunatoka Mbezi. Walionijibu ni 4 tu. Nataka majina leo. Wa Noah ya Rashidi kivyao, wa Hiace kivyao.

Shangazi Zaina, 19:20
Mnasoma mnanyamaza. Naziona tiki za bluu.

Rashidi, 19:31
Waalaykum salaam shangazi. Kuna jambo.
[picha]
Hiyo taa nyekundu yenye alama ya mshangao imewaka tangu jana. Handbreki nimeshusha kabisa. Halafu leo trafiki kanisimamisha Kibaha, eti taa za breki za nyuma haziwaki. 30,000 imekwenda.

Juma, 19:33
Labda inashangaa hizo nauli za shangazi 😂

Mwanahawa, 19:33
😂😂😂 Juma jamani

Shangazi Zaina, 19:34
Juma sitaki. Idi uko wapi? Wewe ndiye fundi umeme.

Idi Tanga, 20:05
Samahanini, nilikuwa chini ya gari la mtu. Rashidi, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Taa ya mshangao ni handbreki au mafuta ya breki yamepungua. Taa za nyuma zina njia yake. Rudi kinyumenyume karibu na ukuta, ukanyage breki, mtu akuangalizie wekundu ukutani. Hata ile ya juu kwenye kioo.

Rashidi, 20:16
Giza tupu. Zote tatu.

Idi Tanga, 20:17
Gia inatoka P?

Rashidi, 20:17
Asubuhi iligoma! Nikabonyeza kile kidude pembeni ya gia ndiyo ikatoka.

Idi Tanga, 20:19
Basi usinunue balbu. Balbu tatu haziungui siku moja. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP. Ikiwa nzima, ni swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Hiyo hiyo ndiyo inayoiambia gia kwamba umekanyaga.

Mama Mdogo Salma, 20:21
Bei gani hiyo swichi? Nani anatoa?

Hamisi, 20:22
Kabla ya kutoa nyingine, hela yangu ya Segera iko wapi?

Shangazi Zaina, 20:23
Hamisi, si leo.

Hamisi, 20:23
Si leo tangu lini shangazi? Mimi ndiye niliyelala na gari.

Mwanahawa, 20:24
Jamani pilau ni kilo ngapi za mchele?

Idi Tanga, 20:26
Rashidi achana nao. Fungua boneti, angalia kikopo cha mafuta ya breki.

Rashidi, 20:34
Yako chini ya MIN. Kifuniko kimeandikwa DOT 3. Niende kununua nijaze?

Idi Tanga, 20:36
Ukijaza taa itazima na ugonjwa utabaki. Mafuta ya breki hayaungui. Yakipungua, ama pedi zimelika yakashuka kuzifuata, ama yanavuja. Chukua tochi, chuchumaa kila tairi, pitisha kidole kwa ndani.

Rashidi, 20:51
Nyuma kushoto. Tairi limelowa kwa ndani, vumbi limegandamana kama ugali. Kidole kinateleza.

Idi Tanga, 20:52
Pedeli je?

Rashidi, 20:52
Imekuwa laini. Naikanyaga mara mbili ndiyo inashika.

Idi Tanga, 20:54
Silinda ya gurudumu hiyo, inavujia ndani ya drum. Lishushe drum, badilisha silinda, shuu zinazosugua drum, zilizolowa mafuta, zitoke pia, halafu mtoe upepo kwenye breki zote. Fyuzi na swichi ni dakika chache. Hili la silinda usilifanye kwa haraka. Na usiliendeshe mpaka kwa fundi, mwite aje nyumbani.

Juma, 20:55
Si tuendeshe taratibu tu?

Baba Mkubwa, 21:40
NIMESOMA YOTE. MOMBO MPAKA SONI KUPANDA NI INJINI KUSHUKA NI BREKI. BABU YENU TUMEMZIKA KWA UZEE WAKE. SITAKI KUZIKA MTOTO KWENYE KONA ZILE. GARI HILO LISIPANDE. HAMISI APEWE HELA YAKE.

Shangazi Zaina, 22:03
Sawa kaka. Tumesikia.

Juma, 22:04
Shikamoo Baba Mkubwa. Nisameheni.

Shangazi Zaina, 22:10
Rashidi, fundi aje kesho asubuhi. Hiace ina nafasi 3 tu, waliobaki wapande basi la Lushoto. Nani atakwenda kukata tiketi?

Shangazi Zaina, 22:31
Nani?

Ijumaa

Hamisi, 05:48
Mimi naweza kwenda stendi. Tiketi ngapi?

Mwanahawa, 07:15
Mchele bado hamjanijibu

Rashidi, 09:02
Fyuzi nzima. Swichi ndiyo mbovu. Fundi anafungua drum sasa hivi.
[picha]