Kihispania cha Kuba: maneno ya mtaani nayapataje?

MwanaWete: Assalaam alaykum wakubwa. Nakwenda Kuba masomoni mwezi wa tisa. Kihispania nimekisoma kwa kitabu cha Hispania, naambiwa maneno ya kule mengine kabisa. Nianzie wapi nisije nikaaibika?

BiKaramu: Waalaykum salaam mwanangu. Anzia sokoni na barabarani, ndiko maneno yanakopishana, kama sie na tungule na wenzetu wa bara na nyanya. Basi la abiria ni *guagua* (Meksiko *camión*, Argentina *colectivo*). Mbatata ni *papa*, si *patata*. Kiazi kitamu *boniato*. Juisi *jugo*, *zumo* waachie Hispania.

La kuchunga khasa ni papai. Havana *papaya* ni tusi, sehemu za siri za mwanamke. Tunda waulizie *fruta bomba*. *Coger* nalo kinyume chake: Kuba *coger la guagua* ni kupanda basi tu, hakuna anayeshtuka, lakini usilibebe kwenda Meksiko au Argentina. Huko ni matusi.

MaalimDaftari: Kabla ya orodha, sikio. Wakuba humeza *s* ya mwisho wa silabi: *más o menos* (takriban) utasikia "ma o meno". *Puerta* (mlango) wengine huitamka "puelta". Mgeni huandika neno "jipya" kumbe analijua tangu kitabuni. Kwa hiyo andika ulivyosikia, kisha rudisha *s* au *r* uone kama halifufuki.

Likikataa, litie daftarini: neno, sentensi nzima, aliyesema (mwalimu, muuza duka, mwanafunzi mwenzio), pahala. Kisha litafute katika *Diccionario de americanismos*, kamusi ya Kihispania cha nchi za Amerika, la 2010, lipo bure kwenye intaneti, kila maana ina alama ya nchi; Cu ni Kuba. Usilitumie mpaka ulisikie kwa watu watatu mbalimbali. *Asere*, kwa mfano, ni la vijana kuitana. Mwalimu wako humwiti hivyo, hata akicheka nanyi.

MwanaWete: Shukran maalim. Na *ahorita* ni sasa hivi?

BiKaramu: Hapo ndipo wengi wanapokwama. Sasa ni *ahora*. *Ahorita* ya Kuba aghlabu ni baadaye, ya Meksiko yaweza kuwa sasa au baadaye, sauti ya msemaji ndiyo inayoamua. Mkuba akikwambia *ahorita vengo* (nakuja ahorita), tafuta pa kukaa.