Mgonjwa amelazwa na safari ni wiki ijayo: nidai bima au nihamishe tarehe ya tiketi?

Nyota_Milimani:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa haraka juu kichwa kimejaa. Tulikuwa twende Dubai kama familia, tukitoka hapa Kisumu kupitia Nairobi, na kila kitu kishalipwa, tiketi, hoteli na viza. Sasa baba watoto ameugua, amelazwa, daktari amesema mambo ya ndege asahau kwanza. Tuko na bima ya safari. Shirika la ndege naona wanaweza kunihamishia tarehe nikiongeza pesa, ama nifute safari yote nidai bima. Hoteli wameandika pesa hairudishwi. Kati ya hizo mbili ipi ina afadhali? Jumla ni laki tatu na kitu, ni pesa tumeweka mwaka mzima.

Section58_Nakuru:
Pole sana dada, Mungu amponye mzee. Lakini umetupatia nusu ya habari. Safari ni siku gani hasa? Anaugua nini? Bima ulinunua wapi na ilikuwa kabla aanze kuugua ama baada? Na kikubwa zaidi, hiyo bima inalipa safari ikifutwa ama ni ya matibabu tu ukiwa huko nje? Watu wengi huona neno bima wakadhani kila kitu kiko ndani. Bila hayo majibu hapa tutakuwa tunakisia tu.

Omera_Kondele:
Hamisha tarehe, usijiulize. Mimi bima za safari hata za bure sitaki. Wakichukua pesa ni dakika moja, wakilipa ni barua juu ya barua. Tiketi ukiihamisha bado uko na kitu mkononi, mzee akipata nguvu mnaenda.

Wakala_wa_Tiketi:
Omera pole pole, hapo unaweza kumwingiza kwa hasara. Mimi kazi yangu ni kukata tiketi hapa mjini na hii naona kila msimu. Kuhamisha tarehe sio ile ada tu, unalipa ada na pia tofauti ya nauli, na ukihamishia likizo za Desemba hiyo tofauti inaweza kukaribia tiketi mpya, na ni kwa kila kichwa. Viza ya Dubai nayo ina mwisho wa kuingia, mwangalie tarehe iliyoandikwa, ukisukuma safari mbali inakufa na unalipa ingine. Na kuna hili ambalo watu hawajui: ukishahamisha, mbele ya bima hiyo tiketi haijapotea tena. Bima hulipa kile ambacho huwezi kurudishiwa na mtu mwingine. Kwa hivyo usibonyeze kuhamisha leo halafu kesho uende kudai, watakuuliza unadai nini na tiketi unayo.

Kitu kingine, hata tiketi iliyoandikwa hairudishwi ina kodi ndani yake. Mfano ada ya abiria ya kutoka Kenya ni dola 50 kwa safari ya nje na shilingi 600 kwa ya ndani, na hamjasafiri. Mashirika mengi huirudisha ukiomba, lakini lazima uombe, haiji yenyewe. Na bima wataikata kwenye hesabu yao hata kama hukuiomba.

BungomaKwetu:
Niongezee hapo kwa Section58. Nilipoenda Ujerumani viza ya Schengen ilidai bima isiyopungua euro 30,000, na ukisoma ni ya matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata mwili ukirudishwa. Ukiugua ukiwa bado Bungoma hawakujui. Mimi niliuliza kabla nilipe, nikaongeza kidogo nikapata ile yenye kufuta safari. Na ada ya viza, euro 90 tangu Juni 2024, hiyo ubalozi haurudishi hata uwe na barua ya daktari gani.

Nyota_Milimani:
Asanteni jameni, wacha nijibu. Safari ni Alhamisi ya wiki ijayo. Ni nimonia, amelazwa hospitali ya Russia hapa Kisumu tangu juzi, alikuwa kwa oksijeni lakini leo wameitoa. Bima ni ile ya kubonyeza wakati unalipia tiketi mtandaoni, watu wanne, sisi na watoto wawili, na ilinunuliwa kitambo kabla augue. Nimesoma hati, imeandikwa inalipa safari ikifutwa kwa ugonjwa. Ila mzee ana sukari ya miaka mingi, sijui kama hiyo inaingilia. Bado sijaambia mtu yeyote, nilikuwa nangoja atoke hospitali ndio nijue nyuma na mbele.

Mwalimu_Kakamega:
Mulembe wote. Dada, hapo pa kungoja ndipo nataka usimame unisikilize vizuri. Sisi tulikuwa twende Cape Town, mimi na mama watoto, tulichagua huko juu tangu 2023 Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Nikanunua bima nzuri, sio ya bei rahisi, kwa wakala aliyekuja hadi stafurumu. Mke akashikwa na tumbo usiku, kupimwa ni mawe kwenye nyongo, daktari akasema lazima apasuliwe. Nikampigia huyo wakala siku hiyo hiyo. Akaniambia msifute, ngojeni operesheni ipite, huenda akapona mwende, mkifuta mapema kampuni itauliza mbona mliharakisha. Nikamwamini juu ndiye mtu wa bima. Sasa hoteli yetu ilikuwa na masharti ya ngazi, ukifuta mapema unakatwa nusu, ukikaribia siku ya kuingia unakatwa yote. Tukangoja, ile ngazi ya kwanza ikapita. Kupeleka madai, kampuni ikasema barua ya hospitali inaonyesha daktari alijua tangu siku ya kwanza kwamba hatasafiri, kwa hivyo watalipa ile nusu ambayo tungekatwa siku hiyo, hiyo nusu ingine ni shauri yetu. Halafu wakatoa ekses, ile pesa ya kwanza unayojilipia mwenyewe, na wakaitoa kwa kila mtu, sio mara moja kwa safari. Halafu wakaitisha faili yake ya zamani ya kliniki wakapata mahali aliwahi kulalamika tumbo akapewa dawa ya asidi, wakaanza kusema ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Mke anauguza kidonda cha operesheni na mimi niko kwa foleni na fotokopi. Huyo wakala simu yangu hakushika tena. Mwishowe walilipa sehemu baada ya mimi kupeleka malalamiko IRA, ile mamlaka ya kusimamia kampuni za bima Kenya, lakini lile la kuambiwa ningoje sikuweza kulithibitisha, yote ilikuwa maneno ya simu, hakuna hata mstari mmoja. Dada, waambie LEO, na uwaambie kwa barua pepe, hata kama utapiga simu kwanza.

Wakala_wa_Tiketi:
Mwalimu pole, huyo mtu alikukosea sana, lakini msituweke sisi sote kapu moja. Wakala wa kweli angekwambia ufute hoteli kabla ya ile ngazi.

Mwalimu_Kakamega:
Sijasema wote. Nimesema aandike.

Nesi_Mamboleo:
Mimi ni nesi, nimeona hizi barua zikirudishwa mara nyingi. Nyota, usikubali ile karatasi ndogo ya kuruhusiwa kutoka peke yake. Utaona imeandikwa "nimonia, apumzike wiki mbili" na sahihi ya haraka, basi. Kwa mtu wa bima hiyo haisemi kitu, kupumzika sio sawa na kutosafiri. Mwombe daktari anayemtibu aandike barua yenye jina kamili kama lilivyo kwa paspoti, tarehe aliyoanza kuugua, tarehe aliyolazwa, ugonjwa wenyewe, halafu sentensi yake pekee kwamba hafai kusafiri kwa ndege kutoka tarehe hii hadi hii, na hizo tarehe zifunike safari yote. Muhuri wa hospitali na namba ya usajili ya daktari. Na iwe daktari, juu kampuni zingine hukataa barua ya klinikal ofisa hata kama ndiye alimshughulikia usiku kucha. Muulize kabla hajaenda raundi, sio siku ya kutoka wakati wodi nzima inamngojea.

Omera_Kondele:
Basi kama ni hivyo mwambie daktari asiandike mambo ya sukari. Ni nimonia, sukari imetoka wapi? Atawapa sababu ya kukataa bure.

Nesi_Mamboleo:
Hapana Omera. Hapana kabisa. Kwanza sukari iko kwa faili yake kila ukurasa, ameandikiwa insulini hapo hapo wodini, na bima wana ruhusa ya kuitisha faili, utakuwa umesaini fomu ya kuwaruhusu. Wakipata ilifichwa wanatupa dai lote, hata lile lilikuwa halali. Na huyo daktari unamwomba ahatarishe leseni yake. Ugonjwa wa mtu usiufanyie ujanja.

Omera_Kondele:
Sijasema adanganye, nimesema asiongeze ambayo hajaulizwa. Hizi kampuni zinatafuta mlango wa kutokea, wewe unawafungulia.

Section58_Nakuru:
Wote mtulie. Nyota rudi kwa ile hati utafute sehemu ya magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Zingine hukataa kila kitu kinachohusiana na ugonjwa wa zamani. Zingine hukubali kama ulikuwa umetulia, hakuna kulazwa wala kubadilishwa dawa kwa muda fulani kabla ya kununua. Na zingine ulipobonyeza ziliuliza swali la afya, je uliulizwa na ulijibu nini? Kama sukari yake ilikuwa sawa na kliniki anaenda, mwombe daktari aandike hivyo pia, kwamba nimonia ni maambukizi mapya na sukari ilikuwa imedhibitiwa, ikiwa ndio ukweli. Hiyo inamsaidia kuliko kunyamaza.

Nesi_Mamboleo:
Hiyo naunga mkono. Ajue tu kwamba mwenye sukari hushikwa na nimonia vibaya zaidi, kwa hivyo wanaweza kuuliza. Aende na rekodi za kliniki.

Gusii_Moja:
Swali dogo, kwani SHA, ile bima ya afya ya serikali, haiwezi kusimamia hii? Tunakatwa asilimia 2.75 kila mwezi.

BungomaKwetu:
SHA ni matibabu, imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, tiketi ya ndege haiihusu hata kidogo. Ila bili ya hospitali ikipita hapo, aweke nakala, inaonyesha tarehe za kulazwa.

Gusii_Moja:
Sawa nimeelewa. Mimi ndio maana husema likizo ifanyike hapa nyumbani. Unaenda Rusinga ama Mfangano, unaangalia ziwa, mtoto akiugua unageuza gari. Dubai kuna nini?

Omera_Kondele:
Hapo umesema. Ama msitu wa Kakamega.

Section58_Nakuru:
Jameni mama yuko na mgonjwa, wacheni kumchagulia likizo. Watoto wamengojea hiyo safari na wana haki.

Mwalimu_Kakamega:
Msitu wa Kakamega karibuni wakati wowote, lakini Section58 amesema ukweli.

Wakala_wa_Tiketi:
Nyota, mimi ningefanya hivi. Leo piga ile namba ya madai iliyo kwa hati, pata namba ya dai, halafu uandike barua pepe ya kurudia yale mliyoongea. Waulize kwa maandishi kama wanataka ufute sasa, na usikae siku nzima kungoja jibu ikiwa hoteli ina ngazi kama ile ya Mwalimu. Ukifuta tiketi omba karatasi ya shirika inayoonyesha ulilipa ngapi, umerudishiwa ngapi na wamekata ngapi. Usiache tu ndege iondoke, msipotokea uwanjani tiketi nyingi hupoteza hata ile kidogo. Hoteli waandikie pia, uwaambie ni mgonjwa amelazwa, uombe wahamishe tarehe, wengine hukubali hata kama wameandika hairudishwi. Wakikataa, hilo jibu la kukataa ndilo bima wanataka kuona. Risiti za M-Pesa na za kadi weka zote.

Omera_Kondele:
Na wakikataa kulipa baada ya hayo yote?

Mwalimu_Kakamega:
Wakikataa waandike sababu na kifungu cha hati, halafu unaenda IRA, kulalamika ni bure. Sheria ya Bima, sura ya 487, inawawekea kikomo cha siku 90 kwa dai lililoripotiwa. Shida kwa hizi za kubonyeza mtandaoni ni kujua nani anabeba bima, juu jina kubwa juu ya ukurasa ni la anayeuza tiketi. Ikiwa kampuni iko nje na haijasajiliwa hapa Kenya, IRA itakuwa ngumu kukusaidia, utalazimika kufuata msimamizi wa nchi yao. Ndio maana mimi hata baada ya yale yote bado naambia watu wanunue ya kampuni iliyosajiliwa hapa, unajua mlango wa kugonga.

Omera_Kondele:
Mimi bado ningehamisha tarehe. Kama ada sio kubwa.

Nyota_Milimani:
Asanteni nyote kwa moyo. Nimepiga, wamenipa namba ya dai na fomu imekuja kwa barua pepe. Jina la kampuni liko chini kabisa ukurasa wa mwisho, bado natafuta kama wamesajiliwa hapa. Shirika la ndege wamesema ada ya kuhamisha ni ya kila mtu na tofauti ya nauli juu yake, kwa hivyo sijahamisha. Hoteli kimya. Daktari amekubali kuandika kesho asubuhi. Kitu kimoja sijaelewa, bima wameniuliza kama watoto na mimi "tunaathirika", ati mgonjwa ni mmoja. Kwani walitaka niende Dubai nimwache wodini?

Section58_Nakuru:
Tafuta kwa hati kama mwenzako wa safari akiugua na wewe unalipwa. Kama majina yenu wanne yako kwa hati moja mara nyingi iko, lakini usome maneno yenyewe, sio nilivyosema mimi.

Nesi_Mamboleo:
Na kwa barua mwombe daktari aongeze kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kumhudumia nyumbani akitoka. Ikiwa ni kweli, na kwa nimonia ya kulazwa na oksijeni huwa ni kweli.

Gusii_Moja:
Nikiwa bado hapa, mama yangu ana miaka 72 anataka kwenda London kwa mahafali ya mdogo wangu. Hizi bima zinamkubali na ana presha?

Wakala_wa_Tiketi:
Zinakubali lakini sio zote. Nyingi hupandisha bei kuanzia miaka 65 au 70 na zingine hufunga kabisa baada ya hapo. Presha useme tangu mwanzo hata ikiongeza bei. Anasafiri mwezi gani, na atalala kwa nani?