Kamusi ya visawe darasa la 5: nianzie wapi?

Walimu wenzangu, tangu niwape wanafunzi kamusi ya visawe (maneno yenye maana zinazokaribiana), insha zimeharibika. "Mbuzi wetu alifariki." Nifanyeje?

— Mwalimu, kisawe si pacha. Kufariki ni kwa watu, mbuzi hufa. Wamalize rasimu kwanza, wapigie mstari maneno 3 tu yaliyojirudia, kisha kila kisawe wakitungie sentensi kabla ya kukiingiza. "Alisema" ndilo sugu: waulize alisemaje? Kwa sauti ya chini, alinong'ona. Kwa hasira, alifoka.

— Wavue viambishi pia. "Walikimbia" hutafutwa kwenye K, si W.

— Upatanisho msiusahau: "rafiki yangu" akiweka mwandani, inakuwa "mwandani wangu". Wengi hubadili neno, wakaacha "yangu" ikining'inia.

— Ahsanteni. Kesho naanza na "alisema".