Majani ya chai ya kuchemsha au ya vifuko? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Hili kwangu limekuwa suala la kila asubuhi. Nimekulia Tanga, bibi anabandika sufuria kwenye mkaa, maji yakitokota anatupia majani kwa kiganja, iliki kazitwanga na maganda yake, ndo maziwa yanafuata. Mume wangu kazoea ya ofisini, kifuko ndani ya kikombe, dakika mbili kamaliza. Nimemfuata mwezi mzima ila chai naiona haikai mdomoni, inapita tu. Nyie wenzangu mnatumia yapi?

Mwana wa Tukuyu
Dada kwetu Rungwe tunalima chai, nikwambie nilichokiona. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ndo zinatoa kilo moja kavu, mgongo unauma kweli. Kiwandani yanakatwakatwa na kuviringishwa na mashine, yakishakauka yanachekechwa, chenga kubwa kivyake, ndogo kivyake, vumbi kivyake. Hizo ndogo ndo zinajazwa kwenye vifuko kwa sababu zinatoa rangi upesi. Kwahiyo tusiseme ya kifuko ni feki, inaweza kuwa imetoka shamba lilelile, ila kifuko kina kama gramu 2 na kimepimwa kwa kikombe cha maji ya moto, ukikitumbukiza kwenye maziwa matupu rangi utaitafuta.

Mama Maandazi
Mimi nauza chai stendi mwaka wa sita huu. Kuna alfajiri majani yaliniishia, duka lililokuwa wazi lina vifuko tu, nikatia ishirini kwenye sufuria ya lita tano nikaacha ichemke kama siku zote, vikapasuka, zile chenga laini zikapita kwenye chujio watu wakawa wanatema. Nilirudisha hela za wote na iliniuma sana maana wale ni wateja wangu wa kila siku. Sasa hivi nina kopo la majani ya akiba, nalifunga vizuri na siliweki karibu na dagaa wala vitunguu, majani ya chai yanavuta harufu mno.

Binti Unguja
Mie nipo Muscat, kazi yangu ya usiku. Huku chai ya maziwa wanayoiita karak inachemshwa hasa, majani, iliki na maziwa ya kopo, siku ya mapumziko naipika mwenyewe. Lakini saa tisa za usiku kazini hakuna jiko, kuna birika la umeme basi, kifuko ndo kinanifikisha asubuhi. Nakitoa mapema kabla hakijawa chungu, wala sikikamui. Siwezi kukisema vibaya.

Mleta mada
Asanteni sana, nimeelewa kwanini ya kwangu ilikuwa maji maji, nilikuwa natia kifuko kimoja kwenye maziwa. Kesho narudi kwenye sufuria. Mama Maandazi, nikitia tangawizi maziwa yanakatika, wewe unaitia saa ngapi?

Mama Maandazi
Usiitie kwenye maziwa ya baridi mama. Iponde, ichemshe na maji peke yake mpaka harufu ijae jikoni, tia majani, maziwa mwisho na yawe yameshachemka pembeni. Sukari aweke kila mtu kwenye kikombe chake.