Mtumba wa ofisini, Ryzen 5600G au i5-12400: ipi inafaa kuhariri video za harusi?

Tabata_Studio
Habari za saa hizi wakuu. Napiga na kuhariri video za harusi na send-off hapa Dar. Laptopu yangu imechoka: nikiweka klipu mbili kwenye programu ya Premiere picha inaganda, sauti inaendelea peke yake. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimeanza pamoja, kazi ni chache, nataka deskitopu iwe imesimama kabla harusi hazijarudi baada ya Pasaka.

Nina milioni moja na nusu, monita ninayo. Nimezunguka Kariakoo nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni HP EliteDesk 800 G4 ya mtumba, i5-8500, RAM 16, SSD ya 256. Nimetajiwa laki tano na hamsini. Hapo niongeze kadi ya grafiki ya RTX 3050. Ya pili ni kujenga mpya kwa Ryzen 5 5600G. Ya tatu ni kujenga kwa i5-12400 na mazabodi ya RAM aina ya DDR4. Hizi mbili za kujenga zote zinavuka bajeti, na hiyo ya tatu ndiyo inavuka zaidi. Kinachoniua ni RAM, muuzaji kaniambia bei ya mwaka jana niisahau.

Nawasikiliza.

Ramu_Mbili
5600G, wala usijiulize. Kori 6, nyuzi 12, grafiki ya Vega imo ndani kwa hiyo hununui kadi leo. Soketi ni AM4, hela ikipatikana unachomoa unaweka 5800X na mazabodi inabaki ileile. Mtumba ni kununua matatizo ya mtu.

Fundi_Bisibisi
Mkuu hapo juu, matatizo ya mtu yako hata kwenye boksi jipya. Hizo EliteDesk, na OptiPlex za Dell, zilikaa kwenye ofisi za Ulaya na Marekani zikifungua barua pepe na Excel, hazikuchoshwa. Nafungua nyingi, ninachokuta ni vumbi na pesti iliyokauka.

Ila Tabata, hiyo kadi unayotaka kuongeza ina mtego. RTX 3050 ziko mbili na jina ni hilohilo. Ya GB 8 inakula wati 130 na inataka waya wake wa umeme. Ya GB 6, iliyotoka 2024, inakula wati 70 na inanyonya kwenye sloti tu, haina waya. Kama hiyo EliteDesk ni ile nyembamba ya SFF, pawa saplai yake ni wati 250 na haina waya wa kadi, kwa hiyo ni ya GB 6 pekee, tena iwe fupi ya nusu kimo. Ukinunua ya kimo kizima mfuniko haufungi. Na usifikirie utabadilisha pawa saplai, HP na Dell za ofisini hazitumii kile kiunganishi cha pini 24 cha kawaida. Kuna waya za kugeuza, lakini pawa saplai ya kawaida yenyewe haiingii kwenye hiyo kesi.

Juja_Tarakilishi
Salamu kutoka Kenya. Habari ya RAM si porojo za wauzaji. Viwanda vimegeuzia uzalishaji kwenye memori za seva za akili mnemba, na Desemba 2025 Micron walitangaza wanaifunga Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Hata hapa Luthuli Avenue ukiuliza bei asubuhi, jioni si hiyo. AM5, soketi mpya ya AMD iliyoifuata AM4, hakuna aliyeitaja na sawa tu, inakubali DDR5 peke yake, na huko ndiko moto ulikoanzia.

Kwa hivyo mimi naiangalia hiyo mtumba kama RAM ya GB 16 iliyofungiwa ndani ya kompyuta. Chukueni hesabu hiyo halafu mseme.

Mama_Pikseli
Mnabishana prosesa na hakuna aliyemuuliza mwenzenu anapigia nini. Kaka Tabata, kamera gani na unarekodi kwa mfumo upi?

Tabata_Studio
Dada, yangu ni Sony ZV-E10. Kamera ya pili huwa nakodi A7 IV, na mwenye nayo kaiweka XAVC HS, 4:2:2 biti 10. Hizo ndizo zinazoganda hasa. Za ZV-E10 zinasuasua lakini zinakwenda.

Mama_Pikseli
Hapo ndipo penyewe. ZV-E10 inarekodi H.264 ya biti 8, 4:2:0. Hizo namba zinasema rangi kiasi gani inahifadhiwa: 4:2:2 huhifadhi zaidi ya 4:2:0, na biti 10 zaidi ya biti 8. Ya ZV-E10 hata grafiki ndogo ya UHD 630 iliyo ndani ya i5-8500 inaifumbua bila jasho. Shida ni hiyo XAVC HS, ambayo ndani yake ni HEVC (H.265), ikiwa ya 4:2:2. Ili icheze vizuri, chipu lazima iwe na sehemu maalumu ya kuifumbua, isipokuwepo kori za prosesa zinaingia shambani kulima kwa jembe la mkono.

Kwa deskitopu, Intel waliiweka sehemu hiyo kwenye Quick Sync, injini ya video iliyo ndani ya grafiki yao, kuanzia kizazi cha 11, kwa hiyo 12400 inayo na Premiere inaitumia. 8500 haina. 5600G haina. Na hapa ndipo watu wanapoliwa hela: RTX 3050 nayo haina, Nvidia wameileta kwenye mfululizo wa 50. Utanunua kadi, utaichomeka, na klipu za A7 IV zitaganda vilevile.

Ukienda kwa 12400 soma herufi ya mwisho. 12400F imezimwa grafiki ya ndani, na Quick Sync imekwenda nayo. Ni rahisi kidogo, ndiyo maana utasukumiwa hiyo.

Ramu_Mbili
Nakubali kwenye 4:2:2. Lakini dada, kuna proksi. Hakuna anayelazimika kuhariri faili lenyewe.

Mama_Pikseli
Kweli, na mimi Arusha nimehariri miaka kwa proksi. Kwa asiyejua: unaiambia Premiere itengeneze nakala nyepesi za klipu, unakatakata hizo, na wakati wa kutoa kazi inarudi kwenye zile halisi. Gharama yake ni muda na diski. Harusi iliyorekodiwa kwa saa nane na kamera mbili, unaiacha mashine itengeneze usiku kucha. Bwana harusi anayetaka klipu ya dakika moja ya Instagram kesho yake asubuhi hatakuelewa.

Kuna njia nyingine ya bure kabisa. Huyo mwenye A7 IV mwombe aiweke 4:2:0 biti 10. Kwenye menyu ya XAVC HS zote mbili zipo. Biti 10 ndizo zinazokusaidia ukisahihisha rangi za S-Log, ule mfumo wa Sony unaotoa picha iliyopauka, 4:2:2 ina faida zaidi kwa wanaokata mandhari ya kijani. Kwenye ukumbi wenye taa za zambarau sijawahi kuona mteja aliyegundua tofauti. Na HEVC ya 4:2:0 biti 10, UHD 630 inaifumbua, Vega ya 5600G pia.

Fundi_Bisibisi
Hiyo menyu imeokoa hela ya kadi.

Abuu_Ruwi
Assalaam alaykum jamaa. Niko Maskati, nyumbani Unguja. Kuna wanaosema agiza Dubai. Mimi hupita Bur Dubai, ule mtaa wa Khalid bin Al Waleed wanaouita mtaa wa kompyuta, na vitu ni vingi kweli. Prosesa na SSD ni vyepesi, mtu anatia kwenye mkoba. Lakini kitizame kitu kimoja: ukiiona 12400 ya bei poa mno, uliza kama ni ya boksi au ya trei. Ya boksi huja na feni yake. Ya trei ni chipu tupu, feni unanunua mwenyewe, na garantii ni ya duka tu. Ikiharibika uko Tabata, duka liko Bur Dubai, utafanyaje?

Mazabodi sikushauri uibebeshe mtu. Za Intel za siku hizi pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, nyembamba kama unywele, na muuzaji akizikuta zimepinda hakurejeshei kitu. AM4 ni kinyume chake, pini zipo kwenye prosesa.

Juja_Tarakilishi
Sasa rudini kwenye hesabu yangu. EliteDesk ya SFF hutumia vijiti vya RAM vya kimo kizima, DDR4, vilevile vinavyoingia kwenye mazabodi ya H610 au B660 ya DDR4. Leo unanunua mtumba unafanyia kazi. Baadaye unanunua 12400, mazabodi, kesi na pawa saplai, unahamisha RAM na SSD. Itakimbia 2666, si kasi ya kujivunia, lakini hujainunua mara mbili. Ukiamua B660 badala ya H610 utapata nyingi zenye sloti nne, H610 ina mbili.

Hii haifanyi kazi ukichukua zile ndogo za Mini au Micro. Zinatumia vijiti vifupi vya laptopu.

Ramu_Mbili
Na ile mazabodi ya AM4 ya DDR4 nayo ingepokea vijiti hivyohivyo, naliacha hapo.

Fundi_Bisibisi
Umesikika, mkuu.

Tabata, ukienda kuchukua usikubali kuonyeshwa mashine iliyokwisha kuwashwa. Iwashwe mbele yako, bonyeza F10 uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nywila, acha hapohapo, ni mali ya kampuni ambayo haikufunguliwa. Kwenye Windows fungua CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi, halafu CPU-Z, ukurasa wa SPD, uone kama ni vijiti viwili vya 8 au kimoja cha 16. Viwili ni bora, grafiki ya ndani inaazima RAM na inapenda njia mbili.

Na hakikisha ni kizazi cha 8 kweli. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa Intel. Kuna duka lilimwekea mteja wangu stika ya i5 ya kizazi cha 8 juu ya mashine ya i5-6500. Stika zinauzwa kwa shiti.

Hela itakayobaki usiitie kwenye taa za rangi. SSD ya TB 1 na UPS. UPS ya 650VA si wati 650, nyingi hazifiki hata 400, lakini kwa SFF na monita inakutosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu umeme ukikatika.

Mama_Pikseli
Na diski ya nje ya bekapu. Harusi hairudiwi.

Tabata_Studio
Wakuu nimewaelewa. Nachukua HP bila kadi. Mwenye A7 IV nimeshampigia, amesema hata hakujua alikuwa ameiweka 4:2:2, anabadilisha. Zile klipu za zamani nitazifanyia proksi. 12400 tutaiongelea harusi za mwezi wa sita na wa saba zikishalipwa.

Fundi, nimetumiwa picha ya mashine kutoka dukani, nyuma ina sloti za nusu kimo. Ndiyo SFF?

Fundi_Bisibisi
Ndiyo yenyewe. Mwambie afungue mfuniko akupigie picha na vijiti vya RAM, lebo isomeke. Akikataa nenda duka la pili.

Tabata_Studio
Kafungua. Viwili vya 8, kimoja Samsung kingine SK Hynix, vyote 2666.

Fundi_Bisibisi
Chapa tofauti si tatizo, kasi ni moja. Usilipe kwanza, nenda na ile F10.